Mla Nawe: Urafiki wa Chuoni na Uhai wa Kiswahili

Wahenga wetu hawakukubaliana kuhusu rafiki. Wako waliosema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wako pia waliosema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali ya kwanza humpima mwenzi kwa vitendo vyake. Ya pili humhukumu kabla hajatenda lolote, kwa sababu tu hamkuzaliwa tumbo moja. Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi methali hizi huandikwa ubaoni kama mfano wa methali zinazokinzana, mwanafunzi akazinakili, akazikariri kwa ajili ya mtihani, na mambo yakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuuchukua ukinzani huo kwa uzito zaidi. Dai langu ni kwamba urafiki wa wanafunzi wawili waliotoka pembe mbalimbali za nchi hii ni darasa la Kiswahili ambalo hakuna mhadhara unaoweza kujaza nafasi yake, na kwamba sisi tunaojiita watetezi wa lugha hii tumelipuuza kwa muda mrefu.

Hebu tuanze na msamiati wenyewe. Kiswahili hakina uhaba wa majina ya rafiki. Tuna rafiki na sahibu, maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu. Tuna msena, tuna mwenzi, tuna somo. Tuna mwandani, neno linalotukumbusha moja kwa moja neno ndani, kana kwamba aliyeitwa hivyo si wa kupokelewa barazani bali ni wa kuingizwa chumbani. Wanawake wa pwani wana neno shoga, ambalo siku hizi wengi hulijua kwa maana nyingine, ilhali kwa mama zetu wa Mvita na Lamu lilikuwa, na kwa wengi lingali, jina la upendo la rafiki wa kike. Lugha iliyojitwika majina yote haya bila shaka ililiona jambo hili kuwa zito. Je, sisi wasomi wake tunalionaje? Tumeandika tasnifu kuhusu ndoa, uongozi, tabaka na jinsia katika riwaya zetu. Urafiki aghalabu huachwa kama jambo la watoto.

Nitatoa mfano wa mabanati wawili niliowafahamu kwa karibu, kwani chumba changu kilipakana na chao katika bweni la wasichana la chuo kimoja cha umma. Majina yao nayahifadhi. Mmoja alikuwa mzawa wa Mji wa Kale, Mombasa, na Kimvita ndicho alichonyonya kwa mama. Mwingine alitoka Molo, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikuyu. Walijiunga na chuo mwaka 2005, wote wakisomea ualimu wa Kiswahili, na ni ofisi ya mabweni iliyowaweka pamoja, si hiari yao.

Miezi ya mwanzo walizungumza Kiingereza. Jambo hili si la ajabu, na naamini msomaji amewahi kuliona. Wanafunzi wawili wa Kiswahili, katika chumba kimoja, wanaulizana kwa Kiingereza ni nani aliyeuchukua ufunguo! Lakini sababu zao zilikuwa na mantiki. Yule wa Molo aliogopa kuchekwa. Lugha yake ya kwanza haitenganishi sauti l na r, na alijua kwamba akiomba kalamu huenda mwenzake akasikia karamu. Yule wa Mvita naye alikuwa na hofu yake, ambayo wengi wetu hatuitambui. Alikuwa amepoteza alama nyingi katika insha zake za shule kwa kuandika kama alivyozungumza nyumbani. Mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mjini kwao, na miaka karibu themanini baadaye binti wa mji huohuo aliingia chuo kikuu akiamini kwamba lugha ya mama yake ni makosa ya sarufi. Basi huyu wa bara alinyamaza kwa kuogopa kukosea, na huyu wa pwani akanyamaza kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba anakosea.

Ni kitu gani kilichoivunja hofu hiyo? Si mhadhara, wala si bango la chama lililotuhimiza tukienzi Kiswahili. Ilikuwa dhiki ya kawaida ya wanafunzi. Mkopo wa bodi ya HELB, ambao wakati ule wanafunzi waliuita bumu, ulipochelewa, wawili hawa waliunganisha walichokuwa nacho. Viazi vilitoka Molo, achari ya embe na visheti vikatoka Mombasa, na stovu moja ya mafuta ya taa ikawatosha. Nakala ya riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilikuwa moja tu, nayo ilihitajika na darasa zima, kwa hiyo waliiazima kwa saa chache za usiku na kuisoma kwa sauti kwa zamu, ukurasa huyu, ukurasa yule. Kila mwanafunzi wa fasihi anajua kwamba riwaya ile iliyotoka mwaka 1990 haisomeki kama hadithi ya jioni. Walisimama kila baada ya aya kubishana. Huwezi kubishana kuhusu Nagona kwa Kiingereza huku kitabu chenyewe kimefunguliwa mbele yako kwa Kiswahili. Kabla muhula haujaisha nilikuwa nikisikia ukutani mwangu ugomvi, utani, na hata sala, vyote kwa Kiswahili.

Katika likizo moja ya mwaka 2006 yule wa Molo alialikwa Mombasa. Walipanda basi la usiku, wakafika alfajiri, wakapokewa kwa mahamri na mbaazi. Mchana wake mama mwenye nyumba alikuwa dirishani, akimtazama mtoto wa jirani aliyekuwa akiigiza mwendo wa mzee mmoja wa mtaa. Akamwita mgeni wake kwa furaha: “Ndoo, mwanangu! Ndoo uteke!” Mgeni, kwa adabu ya ugenini, akainuka, akaishika ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akauliza kisima kiko wapi. Nyumba nzima ilicheka hadi machozi, na mgeni mwenyewe, alipofafanuliwa, akacheka kuwashinda wote. Mama alikuwa amemwambia: njoo ucheke.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kufafanuliwa lahaja. Penye nj ya Kiswahili sanifu, Kimvita aghalabu kina nd, ndipo njoo ikawa ndoo, njia ikawa ndia, na njaa ikawa ndaa. Penye ch, mara nyingi kina t, ndipo kucheka kukawa kuteka, macho yakawa mato, na mchele ukawa mtele. Haya yote yamo katika vitabu vya isimu. Lililonivutia mimi ni lile walilolifanya wandani hawa baada ya kicheko. Waliporudi chuoni walibandika karatasi ukutani yenye safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa ya Kimvita, ya pili ya Kiswahili sanifu, ya tatu ya Kikuyu. Teka, cheka, theka. Mato, macho, maitho. Ndia, njia, njĩra. Yule wa Molo aligundua kwamba neno lililomtoa jasho ugenini lilikuwa ndugu wa neno alilozaliwa nalo. Yule wa Mvita naye aligundua kwamba lugha ya mama yake haikuwa upotovu wa Kiunguja, bali ilikuwa na kanuni zake, na kwamba kanuni hizo zilifika hadi mashamba ya viazi ya Molo. Mhadhiri wetu wa isimu linganishi alipofika kwenye mada ya mlingano wa sauti katika lugha za Kibantu, wawili hawa walikuwa wakimsubiri huko.

Kuna atakayesema kwamba hiki ni kisa kizuri, lakini ni kisa tu. Kwamba urafiki huzaa vicheko, si elimu, na kwamba siku ya kiama kila ndege huruka na wa rangi yake. Jibu lake limo katika mwaka 2008.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifuatwa na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Molo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Familia ya msichana yule ilihama usiku, ikaishia katika kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Mombasa nayo haikusalimika kabisa. Vyuo vilichelewa kufunguliwa. Maduka yalikuwa yamefungwa na kadi za simu ziliadimika, na mtu asiye na salio hakuwa na njia ya kuwajulisha watu wake kwamba yu hai. Yule wa Mvita alikuwa akimtumia mwenzake salio kila alipolipata, shilingi ishirini, shilingi hamsini. Siku moja mama yake aliichukua simu, akasema na yule binti aliyekuwa kambini. Hakutoa hotuba. Alimwambia, “Ndoo, mwanangu. Ndoo.” Safari hii hakuna aliyehitaji tafsiri.

Barabara hazikumruhusu kwenda wakati huo. Alikwenda baadaye, chuo kilipofunga. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na muhula wa kuumaliza. Tuliporejea, kumbi za kulia zilikuwa zimegawanyika. Kila lugha ilikuwa na meza yake, na waliopishana mlangoni walinyamaza. Katika bweni letu wapo waliotaka kubadilisha vyumba ili walale na watu wao. Yule wa Molo hakuwa na fedha za kulipia bweni tena, kwa sababu shamba lililomlipia karo lilikuwa limeteketea. Mwenzake alimpisha kitandani, wakalala mzungu wa nne muhula mzima, kinyume cha kanuni za bweni. Wanafunzi waliliita jambo hilo kupirati. Sidhani kwamba wahenga walikuwa na jina jingine kwalo isipokuwa kufaana kwa dhiki.

Sisemi kwamba wawili hawa waliliponya taifa. Sisemi kwamba kila aliyekuwa na rafiki wa kabila jingine alisimama imara, maana tunajua pia kulikuwa na majirani waliochomeana nyumba baada ya kulishana kwa miaka. Methali ya mla nawe haikutungwa na wajinga, bali ilitungwa na watu waliosalitiwa. Ninachosema ni kwamba methali hiyo inakosea inapodhani kwamba mzaliwa nawe ana salama zaidi. Shaaban Robert alikwisha kutuonyesha hilo katika Adili na Nduguze mwaka 1952. Hasidi na Mwivu ni ndugu wa damu wa Adili, amewalisha na kuwatajirisha, nao ndio wanaomtosa baharini. Ken Walibora naye, katika Kidagaa Kimemwozea cha mwaka 2012, anatupa Amani na Imani, ambao hawakuzaliwa pamoja wala hawakujuana, wanakutana kila mmoja na jeraha lake, wakawa wenzi wa kweli. Fasihi yetu imeshaijibu methali. Ni sisi wahakiki ambao hatujalisikia jibu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia kwa uzito wake wote. Wandani wale wasingeweza kuvuka mwaka 2008 kwa Kiingereza cha miezi yao ya kwanza. Kiingereza chao kilikuwa lugha ya kuficha, kila mmoja akijikinga nacho asionekane. Isingewezekana pia kwa Kikuyu wala kwa Kimvita, kwani kila lugha kati ya hizo ingemwacha mmoja nje ya mlango. Walihitaji lugha waliyoijenga pamoja, yenye achari, visheti, Nagona na ndoo ndani yake. Tunaposema kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja tunadhani umoja huo hutoka juu, kwa katiba na maazimio. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ni kweli kwamba mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tunaiadhimisha kwa shangwe. Hata hivyo hakuna katiba inayoweza kumpa mtu mwandani, na hakuna azimio linaloweza kumfanya mwanafunzi alie kwa Kiswahili, achekeshe kwa Kiswahili, au amwombe mwenzake radhi kwa Kiswahili.

Kuna pingamizi la pili ninalolisikia kwa vijana. Husema kwamba marafiki wa chuoni tayari wana lugha yao, nayo ni Sheng, na kwamba Kiswahili sanifu ni kikavu mno kwa mambo ya moyoni. Sina ugomvi na Sheng. Wandani wangu waliizungumza kwenye foleni ya chakula kama kila mtu. Lakini ukavu huo unatoka wapi? Lugha yoyote itakauka ikiwa utaitumia tu kujibu maswali ya mtihani. Aliyelisoma neno msena katika kamusi bila kumwita mtu yeyote hivyo atalihisi neno hilo kuwa la makumbusho. Dawa ya ukavu ni kuyatumia maneno haya katika utani, deni na usuluhishi, hadi yapate joto la watu.

Historia ya taaluma yetu inaafiki. Kitabu cha Historia ya Kiswahili, ambacho vizazi vya wanafunzi wamekitegemea, kina majina mawili jaladani, Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala. Mmoja ni wa Mombasa, mwingine ni Mgogo wa Dodoma, kwa hiyo kazi yao ilivuka mpaka wa nchi, wa dini na wa lugha ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1977, wote wawili wakiwa wameshaiaga dunia, na majina yao yamebaki pamoja. Huyohuyo Mnyampala ndiye anayetajwa zaidi tunapozungumzia ngonjera, utanzu ambao kwa asili yake hauwezi kusemwa na mtu mmoja. Kabla yake, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikuwa sehemu ya majibizano. Kiswahili kimekua kwa kuitikiwa.

Hali ya leo inatudai juhudi zaidi. Wanafunzi wengi hawakai tena katika mabweni. Wametawanyika katika vyumba vya kukodi nje ya vyuo. Tangu vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona mwezi Machi 2020, sehemu ya masomo imehamia mitandaoni, na mtu anaweza kuhitimu bila kumjua kwa karibu aliyeketi mbele yake. Ofisi ya mabweni iliyowakutanisha wale wawili kwa bahati haiwezi kutegemewa kuufanya muujiza huo kila mwaka.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa chama chetu na kwa wahadhiri wetu. Kwanza, chama kiwaunganishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza wawili wawili, kwa makusudi, kila mmoja na mwenzake wa lugha nyingine ya kwanza, nao wapewe kitabu kimoja tu cha kusoma kwa sauti. Umaskini wa nakala wakati mwingine ni neema. Pili, wahadhiri wa lahaja na isimu linganishi wakubali kazi ya utafiti ya watu wawili, itakayofanywa katika nyumba za wote wawili. Safari moja ya basi hadi kwa mama wa mwenzako itakupa data ambayo hutaipata maktabani. Tatu, wahakiki chipukizi wauchukue urafiki kama mada kamili ya tasnifu, waache kuupitia njiani wakielekea kwenye ndoa na siasa.

Najua lipo jibu kwamba urafiki haulazimishwi. Sawa kabisa. Wale wawili hawakulazimishwa kupendana, ila waliwekewa ufunguo mmoja na meza moja, mengine wakayafanya wenyewe. Chama kinaweza kuandaa meza. Wala mapendekezo haya hayahitaji bajeti ya kutisha, wala kibali cha seneti ya chuo.

Leo wandani hao ni walimu, mmoja karibu na Bahari ya Hindi na mwingine karibu na Ziwa Nakuru. Wanafunzi wao wa kidato cha nne hubadilishana barua kwa Kiswahili. Nimebahatika kuzisoma baadhi ya barua hizo. Zina makosa ya sarufi, zina Sheng, zina maneno ya Kimvita ambayo mtahini angeyapigia mstari mwekundu. Lakini zimeandikwa kwa mtu, si kwa mtahini, na hilo ndilo ambalo insha nyingi ninazosahihisha zimelikosa.

Kwako wewe uliyeanza mwaka wa kwanza muhula huu: utanunua kamusi, nayo ni kununua kwema. Utafundishwa ngeli na fonimu, na usiache kuzisoma. Ila mtafute pia mtu ambaye mama yake hamwiti kama mama yako anavyokuita. Mle pamoja. Mbishane kwa Kiswahili. Methali isemayo kwamba hafi nawe iacheni ijitetee yenyewe. Nanyi mkiitwa na wahadhiri kuijadili, mtakuwa na hoja za kwenu wenyewe za kuikubali au kuikana.